Kwa Nini Kabati Husema Basi

Vijana wangu wa chumba cha majaribio, Mogitu,

Lohay, niliyemwacha huko nanyi, amenipigia simu akanieleza kwamba mna swali kila mnapoifungua programu kuu ya Kabati. Mnaona mahali ambapo programu, baada ya kukiuliza kitengo hali yake na kupata jibu, haiondoki. Inasubiri mpaka kitengo kiseme BASI, na neno hilo lisipokuja inapiga kengele, hata kama jibu lenyewe lilikuwa zuri kabisa. Mmoja wenu amependekeza sehemu hiyo ifutwe kwa kuwa inachelewesha kazi bila sababu. Lohay amewaomba msubiri kidogo. Akaniambia, "Mama, waandikie wewe. Mimi nikieleza wanacheka."

Mna haki ya kucheka. Nimestaafu juzi tu na nilifikiri nikikaa chini kuandika miaka yangu ya kazi ingejipanga yenyewe, jambo hili kisha lile. Haikujipanga. Ninachokumbuka zaidi ni kutoelewa: kusimama mbele ya mashine ambayo kila taa yake inasema mambo ni sawa, huku mambo si sawa. Nasema hivi kuwatia moyo. Mkikaa siku nzima hamwelewi, hamjashindwa kazi. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Vyeo na mishahara nitaviruka, havina cha kumfundisha mtu. Nianze na siku ya kwanza.

Nilitoka kijijini kwetu Daudi nikafika Mogitu asubuhi ya baridi, nimevaa viatu vya ofisini, kwa sababu niliitwa mhandisi wa programu na kichwani mwangu mhandisi wa programu alikanyaga zulia. Nilikuta jengo refu la bati katikati ya mahindi na alizeti, mlima Hanang ukiwa nyuma yake, umejifunika wingu. Nikatafuta darubini. Nilizunguka jengo zima, viatu vikajaa tope, sikuona darubini. Nikadhani nimekosea mahali.

Sikuwa nimekosea. Darubini yenyewe, ile kubwa, iko jangwani katika nchi moja ya kusini. Sisi tulikuwa tunatengeneza kifaa kimoja cha kufungwa nyuma yake, na kwa kuwa kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, tena kabati la watu wenye uwezo, jina likawa Kabati. Kazi yake mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayesoma baadaye. Mwanga wa nyota unaingia Kabati kupitia kilango, unapita kwenye gurudumu lenye vioo vya rangi, unatawanywa kama upinde wa mvua, halafu jicho linaupiga picha. Kutoka kwenye upinde huo wataalamu wanasoma nyota imetengenezwa na nini na inakwenda wapi. Kazi yetu ilikuwa kuandika programu za kuviendesha vitu hivyo vyote bila mtu kuvigusa, kisha kuzijaribu mpaka tuziamini.

Watu wa nyumbani waliniuliza miaka yote kama nakesha nikitazama nyota. Nyota yetu ilikuwa taa ya meza nyuma ya karatasi yenye tundu la sindano. Tuliiwasha asubuhi tukifika na kuizima jioni tukiondoka. Ilikuwa nyota yenye nidhamu ya utumishi wa umma.

Aliyenipokea ni Bi. Zuhura, mkuu wa majaribio, mwenyeji wa Tanga aliyeletwa huku kikazi na kuapa kila mwaka kwamba baridi ya Hanang itamuua. Alivaa ovaroli, na juu ya ovaroli kanga, na shingoni kifaa cha kusikilizia moyo, kile cha daktari. Nilidhani ni nesi wa kituo.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za Daudi? Wazee wazima? Mvua huko mnapata? Umekula?"

Nilijibu yote. Nilikuja kujua kwamba usipojibu yote haanzi kazi. Kisha akanikalisha mbele ya meza yenye gurudumu la bati lenye vioo vya rangi.

"Hili ni gurudumu la vichujio. Lizungushe kwa mkono."

"Kompyuta iko wapi, mama?"

"Kompyuta itakuja. Kwanza niambie njia zote ambazo gurudumu hili linaweza kukudanganya."

Nikafikiri. "Linaweza kukwama."

"Likikwama halijakudanganya, limekataa tu. Nataka uongo."

Nilikaa na lile gurudumu mpaka mchana. Jioni nilikuwa nimepata uongo wa kutosha: linaweza kusema limefika huku mkanda umeteleza, linaweza kufika kweli, lakini kioo kimedondoka na kubaki tundu, linaweza kusimama mahali pa rangi nyekundu na kusema hapo ni bluu, kwa sababu jana fundi alilifunga likiwa limegeuka. Bi. Zuhura alisikiliza yote, akavaa kile kifaa chake masikioni, akakiweka kwenye mota ya gurudumu, akafumba macho. "Na huo wa mota husemi?" akauliza. Sikuelewa anasikia nini. Ilinichukua muda mrefu kuanza kusikia, na hata leo sina hakika kama nasikia au namwigiza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuandika na kufuta. Tuligawa Kabati katika vitengo, kila kitengo kikiwa na kompyuta yake ndogo: cha kilango, cha gurudumu, cha jicho, cha ubaridi. Juu yao ilikuwa programu kuu, inayoviuliza hali na kuviamuru. Lohay alikuja wakati huo, mtoto wa wafugaji wa Tumati, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata ndani. Tulimpa kitengo cha ubaridi. Alisema ni haki kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa kwa ajili yake.

Kitengo hicho nikieleze vizuri, maana kila kitu kinakuja kuangukia hapo. Jicho la Kabati lazima liwe na baridi kali sana, vinginevyo linaona madoa yasiyokuwepo. Kwa hiyo linakaa ndani ya chombo ambacho ni kama chupa ya chai, ila badala ya kutunza joto kinatunza baridi. Kama ilivyo chupa ya chai, siri ni ule utupu ndani. Pampu inavuta hewa na kuitoa. Pampu ikichoka, hewa inarudi, na hewa inakuja na unyevu. Unyevu ukigusa jicho lenye baridi ile unaganda juu yake, na jicho tulikuwa nalo moja tu. Hakuna aliyetuahidi la pili.

Sasa mkutano wa salamu. Tuliuita hivyo kwa utani baadaye, wakati ule ulikuwa mkutano tu. Swali lilikuwa: kitengo kikiulizwa hali, kijibuje? Kwenye waya hakuna maneno, kuna tarakimu, lakini sisi tulizisoma kama maneno ili tuelewane. Tukakubaliana bila ubishi kwamba jibu lianze na NZURI, kisha, kama lipo tatizo, lifuate ILA na maelezo yake. NZURI, ILA gurudumu ni zito. NZURI, ILA kilango kimechelewa kufunga.

Ninyi mnaosoma mnaona ajabu. Sisi hatukuona. Fikirini mnavyoishi. Ukikutana na mtu njiani ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu nzuri hata kama paa limeezuliwa. Nzuri yake maana yake ni nimekusikia, nipo, tuendelee. Habari yenyewe inakuja nyuma. Nani ataanza na msiba kabla ya salamu? Hakuna aliyependekeza wazo hilo, kwa hiyo hakuna aliyelipinga. Lilikuwa hewani tu, tukaliandika. Na programu kuu yetu ya majaribio ilikuwa imelelewa kama sisi: iliuliza, ikasikia nzuri, ikakaa kusubiri ila. Ilifanya kazi vizuri.

Mwaka wa mwisho wa Bi. Zuhura kazini, watu wa kusini walimleta Petrus. Alikuja na programu kuu halisi, ile itakayoendesha Kabati kule kwenye darubini, na kazi yake ilikuwa kuiunganisha na vitengo vyetu. Masharti yalikuwa wazi, na kila mtu kituoni aliyajua. Kabati liendeshwe wiki nzima bila kosa. Likipita, programu za vitengo zinabaki mikononi mwetu, na Mogitu itaendelea kuzitunza miaka yote Kabati litakapokuwa kazini. Likianguka, wenzetu wa kusini wataandika upya kila kitu, na sisi tutabaki jengo la bati lisilo na kazi. Bi. Zuhura alinivuta pembeni. "Fausta, mimi nakwenda zangu Tanga hata tukishindwa. Ninyi ndio mtaulizwa mnafanya nini hapa." Sauti yake haikuwa ya mtu anayekwenda zake.

Petrus alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haraka. Tuliongea naye Kiingereza, lakini dereva alikuwa amemfundisha salamu njiani, na alizitumia kwa fahari. Kila asubuhi alipita meza kwa meza: "Shikamoo! Habari za asubuhi?" Alimpa shikamoo hata Lohay, ambaye aliitikia marahaba kwa sauti nzito ya babu mpaka tukashindwa kufanya kazi.

Bi. Zuhura alitaka majaribio ya hitilafu yatangulie: tuchomoe nyaya, tufunge gurudumu kwa kamba, tuone Kabati litasemaje. Petrus alisema ratiba yake inaanza na kazi ya kawaida, hitilafu mwishoni. Ratiba ilikuwa yake, tukaifuata. Na kwa kuwa kule darubini hakutakuwa na mtu karibu na Kabati, tulizima skrini ndogo za vitengo vyote. Ilibaki moja, ya programu kuu, yenye taa ya kijani kwa kila kitengo.

Taa zilikuwa za kijani siku ya kwanza. Siku ya pili pia. Siku ya tatu picha za nyota yetu ya mezani zilianza kuwa na chembechembe, kama unga uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi.

Hapo nilianza kuchanganyikiwa, na ninawaomba msiipite sehemu hii haraka kwa kuwa mnajua jibu. Sisi hatukulijua. Nilidhani ni vumbi, tukafuta vioo vyote. Chembechembe zikaongezeka. Nilidhani ni taa, tukabadilisha taa. Nilidhani ni umeme wetu unaopanda na kushuka, tukahamia kwenye betri. Nilidhani ni programu ya jicho, nikaisoma mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa sahihi, na hilo lilinitisha kuliko kosa. Petrus alisoma ya kwake, nayo ilikuwa sahihi. Tuliuliza kitengo cha ubaridi: kijani. Cha jicho: kijani. Tulikuwa na kitu kinachoumwa na hakuna kiungo kilichokubali kuumwa.

"Mimi ng'ombe wa Tumati nikimwangalia tu najua anaumwa," Lohay alisema, amekaa sakafuni na kofia yake. "Hili Kabati limesoma sana."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunywa chai Bi. Zuhura alipoingia, uso umekunjamana.

"Fausta, huyu mgeni wenu ana nini?"

"Kafanya nini, mama?"

"Kaniuliza habari za asubuhi. Nikamwambia njema. Nafungua mdomo nimwambie ila nimetoka kusikiliza pampu na sauti yake siipendi, mtu keshaondoka! Nimebaki naongea na mlango."

Lohay akacheka. "Mimi jana kaniuliza habari za kazi, nikasema nzuri, akaondoka. Nilitaka kumwambia ila umekalia kofia yangu."

"Kila siku anauliza hivyo," Bi. Zuhura akasema. "Anauliza, anapokea njema yake, anakwenda. Kama mtu anayegonga mlango na kukimbia. Sasa anauliza ya nini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Kitu fulani kilinigusa, sikujua nini. Nilirudia maneno yake kichwani: anauliza, anapokea njema yake, anakwenda. Nikaweka kikombe chini.

"Lohay, kitengo chako kikiwa na shida kinajibuje?"

"Si tulikubaliana. Nzuri, ila."

"Na programu ya Petrus inasoma mpaka wapi?"

Lohay aliacha kucheka. Kisha tukakimbia wote watatu, Bi. Zuhura mbele na ovaroli yake.

Tuliwasha skrini ndogo ya kitengo cha ubaridi. Ilikuwa imejaa kutoka juu mpaka chini. NZURI, ILA utupu unapungua. NZURI, ILA pampu imelemewa. NZURI, ILA jicho linapata joto. NZURI, ILA. NZURI, ILA. Kilikuwa kimesema tangu siku ya tatu, kwa adabu, bila kuchoka, kwa mtu aliyekuwa ameshaondoka. Lohay alikuwa ndiye aliyekiandika. Alivua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa.

Petrus alikuja akitafuna mkate. Nilimwonyesha skrini nikamtafsiria. Aliacha kutafuna.

Kwanza tuliokoa tulichoweza. Jambo hili lishikeni: mkikuta utupu umevuja, msikimbilie kufungua. Tulizima pampu, tukaingiza gesi kavu ndani ya chombo taratibu, tukaacha jicho lipate joto polepole mpaka lilingane na chumba. Ilichukua siku hiyo na kipande cha siku iliyofuata, na hakuna cha kufanya ila kukaa. Kisha Bi. Zuhura akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi. Tulisimama nyuma yake.

"Kuna nini, mama?" nikauliza.

"Kona moja imelia."

Kweli, pembeni mwa jicho palikuwa na alama ndogo ya maji yaliyokauka. Kwingine kote palikuwa safi. Hatukuweza kujua kama jicho limepona mpaka tulipoze tena. Na kwenye pampu tulikuta mpira wa kuzibia umepasuka. Ulikuwa mpya. Kwa nini ulipasuka hatukujua, na sijui mpaka leo.

Wakati tunasubiri, wale wawili wakaanza kugombana, nami katikati nikitafsiri.

"Kwa nini kitu kinachoumwa kinasema kizima?" Petrus aliuliza.

"Hakikusema kizima," Bi. Zuhura akajibu. "Kilikusalimia."

"Mimi niliuliza hali yake."

"Ukauliza, ukaondoka."

"Kwetu nyumba ikiwaka moto, neno la kwanza ni moto!"

"Na kwetu tunasema moto. Lakini nimekwambia njema ili ujue nimekusikia. Ningekuambiaje moto wakati sijui kama unanisikiliza?"

Nilimwona Petrus anafikiri. Aligeukia taa zake za kijani, akazitazama kama zimemtukana. "Kwa hiyo kila siku," akaniuliza polepole, "watu hapa walipokuwa wananiambia nzuri..."

"Walikuwa ndio kwanza wanaanza," nikasema.

Alikaa chini kwenye boksi la vifaa. Lohay akaangalia kwanza kama kofia haipo pale.

Programu zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja kwa malezi yake. Sasa ibadilike ipi? Petrus alitaka tatizo litangulie. Bi. Zuhura alikataa: kitengo kikianza tu na tatizo, utajuaje kama kimejibu swali lako au kinalalamika peke yake? Hapo Petrus akasema kama salamu kazi yake ni kuonyesha kwamba kitengo kipo na kimesikia, basi kiseme hivyo, kiseme NIPO, wala neno nzuri lisitumike mpaka iwe nzuri kweli. Bi. Zuhura alilifikiria, akakubali, lakini kwa sharti. "Na anayeuliza asiondoke. Abaki mpaka aambiwe basi. Asipoambiwa basi, apige kelele, maana huenda mwenzake amekatwa katikati ya neno." Kwa hiyo NIPO ilitoka kwa Petrus na BASI ilitoka kwa Bi. Zuhura. Mimi niliandika tu, na Lohay akanifuata nyuma akirekebisha niliyokosea.

Tukaweka mpira mwingine, tukavuta hewa upya, jicho likapoa. Tukawasha nyota yetu. Picha ilitoka safi, isipokuwa kile kidoa cha kona, ambacho kipo hadi sasa. Mkiona watu wa nyota wanakata kona ya kushoto ya kila picha bila kujua sababu, sababu ndiyo hiyo.

Lakini lilibaki la masharti. Kabati halikuwa limeendeshwa wiki nzima bila kosa, na uamuzi ulikuwa wa Petrus. Alitembea nje kando ya alizeti muda mrefu, tukimwona dirishani. Bi. Zuhura alijifanya anafuta vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. Petrus aliporudi alikuja moja kwa moja kwake.

"Siwezi kusema mmeanguka," akasema. "Nitalazimika kueleza mmeanguka wapi, na sijui. Nimejaribu kueleza peke yangu huko nje na nimeshindwa. Tunaanza wiki upya."

"Hitilafu zitangulie," Bi. Zuhura akasema.

"Hitilafu zitangulie."

Nilifurahia wiki ile kuliko zote nilizofanya kazi. Tulichomoa nyaya. Tulifunga gurudumu kwa kamba ya katani. Tulipunguza utupu kidogo kwa makusudi, Lohay akikodoa macho. Kila mara kitengo kilisema NIPO, kikaeleza kinachokiuma, kikasema BASI, na taa ikawa nyekundu. Kuna kitengo kimoja tulichokikata waya katikati ya jibu. Kilisema NIPO, kikasema NZURI, kikanyamaza. Programu ya zamani ingeondoka na nzuri yake. Mpya ilisubiri, haikusikia basi, ikapiga kengele mpaka mlinzi akaja na rungu. Hilo ndilo mnalotaka kulifuta.

Siku ya mwisho ilipita bila kosa. Petrus alizima taa ya mezani, akaja aliposimama Bi. Zuhura.

"Shikamoo, Bi. Zuhura. Habari za kazi?"

"Marahaba. Njema."

Hakuondoka. Alisimama, mikono nyuma. Bi. Zuhura naye, nadhani kwa kumpima, alinyamaza. Akapanga nyaya zilizokwisha kupangwa. Petrus hakusogea.

"Ila chai imekwisha," Bi. Zuhura akasema hatimaye, akajifuta macho na ncha ya kanga. Petrus akaenda kuchemsha chai. Aliunguza maziwa, tukainywa yote.

Kabati likafungwa kwenye makreti, likapakiwa, likaenda kusini, na mimi ambaye niliishi nalo miaka yote ile sijawahi kuiona darubini linakoning'inia. Bi. Zuhura alirudi Tanga mwisho wa mwaka, akaniachia kile kifaa cha kusikilizia moyo. Kazi ya programu ilibaki Mogitu, na kwa sababu hiyo ninyi mpo hapo. Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati ule ni nani aliyekosea. Kuna siku naona ni sisi, kuna siku naona ni Petrus, na kuna siku naona hapakuwa na kosa, palikuwa na watu wawili waliolelewa vizuri mahali tofauti. Mtakapopata jibu mniandikie. Sitashangaa mkipata majibu mawili.

Wiki iliyopita Lohay alinipigia simu, nikiwa hapa Daudi, uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kustaafu?"

"Nzuri," nikasema.

Nikasubiri aseme alichopigia. Hakusema. Nilidhani simu imekatika, nikaitazama, nikaona bado inahesabu. Nilisikia upepo wa Mogitu kwa upande wake na mlango wa bati ukigonga. Alikuwa ananisubiri.

"Ila," nikasema, na sikujua linalofuata mpaka liliponitoka. Ila asubuhi naamka na kuvaa, nafika mlangoni, halafu sijui nilikuwa naenda wapi. Ila juzi nilikitoa kile kifaa cha Bi. Zuhura nikasikiliza jokofu la nyumbani, jirani akaniona. Ila sijui kama yale yote tuliyofanya yalikuwa na maana au tulikuwa tu watu wenye bidii kwenye jengo la bati. Nilisema mengi, mengine sikujua kama ninayo. Lohay hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilikaa kimya, naye akakaa kimya, na ikanichukua muda kuelewa anangoja nini.

"Basi," nikamwambia.

Ndipo alipoanza kunieleza kuhusu ile sehemu mnayotaka kuifuta.